Masundosundo: Vidokezo kwa Anayetaka Kupona Bila Kujiumiza

Umeoga, mkono umepita sehemu za siri, umegusa kitu ambacho wiki iliyopita hakikuwapo. Kinyama kidogo, laini, hakiumi. Baada ya siku chache vimekuwa viwili. Wengi wetu hapo hufanya mambo matatu kwa mpigo: hunyamaza, hushika simu kutafuta dawa ya kumaliza kwa siku tatu, na huanza kumtilia shaka anayelala naye kitanda kimoja. Yote matatu huchelewesha kupona. Masundosundo, ambayo wengine huyaita chunjua za sehemu za siri au vinyama tu, yana tiba, na wahudumu wa afya huyaona mara kwa mara. Ila yanataka subira ya miezi, na hapo ndipo watu wengi hukosea hesabu.

1. Hakikisha kwanza ni yenyewe

Masundosundo ni vinyama laini vyenye rangi ya ngozi, kahawia au wekundu kidogo. Kimoja kinaweza kuwa na milimita moja au mbili tu. Vikirundikana, sura yake hufanana na koliflawa. Kwa mwanamume huota kwenye shina la uume, chini ya govi, kwenye tundu la mkojo au kwenye ngozi ya korodani. Kwa mwanamke huota kwenye mashavu ya uke, mlangoni mwa uke, na mara nyingine ndani kabisa ambako hawezi kuyaona. Kwa wote wawili yanaweza kuzunguka njia ya haja kubwa, hata kwa mtu ambaye hajawahi kufanya ngono kwa njia hiyo. Kwa kawaida hayaumi. Huwasha, hukera yakisuguana na nguo, na ukiyakuna hutoka damu.

Lakini si kila kipele cha huko ni masundosundo. Wanaume wengi wana vipele vidogo sana vyeupe vilivyojipanga kwa mstari kuzunguka kichwa cha uume. Hayo ni maumbile, hayaambukizi, na hayahitaji dawa yoyote. Wanawake nao wanaweza kuwa na vijinyama laini, vinavyolingana pande zote mbili, upande wa ndani wa mashavu ya uke. Navyo ni maumbile. Kuna vijana wamejichoma kwa asidi kuondoa kitu ambacho ni maumbile yao ya kawaida, na hilo linahuzunisha kwa sababu dakika tano za kuonwa na mtu anayejua zingewaokoa.

Kinachofanana nayo zaidi na chenye hatari zaidi ni kaswende. Katika hatua yake ya pili, kaswende hutoa manundu mapana, bapa, yenye unyevunyevu, hasa kwenye mikunjo ya mwili. Mtu asiye na uzoefu akiyaona atasema ni masundosundo, atakupa dawa ya kupaka, na ugonjwa utaendelea kusambaa mwilini huku wewe ukipaka. Kaswende hutibiwa kwa sindano ya penisilini. Kwa hiyo usikubali kuanza tiba ya masundosundo bila kupimwa kaswende.

Na kama kinyama ni kigumu, cheusi, kinatoka damu chenyewe, au kimekuwa kidonda kisichofunga, omba kikatwe kipande kidogo kipelekwe maabara.

2. Zijue namba nne: 6, 11, 16 na 18

Kirusi kinachosababisha masundosundo kinaitwa HPV. Kina ukoo mkubwa: aina zaidi ya 200 zimetambuliwa, na wanasayansi wamezipa namba badala ya majina. Aina ya 6 na ya 11 ndizo husababisha takriban asilimia 90 ya masundosundo. Aina ya 16 na ya 18 ndizo ziko nyuma ya takriban asilimia 70 ya saratani za shingo ya kizazi duniani. Maabara ya Mjerumani Harald zur Hausen ndiyo iliyoitenga aina ya 6 kutoka kwenye masundosundo yenyewe, kisha mwanzoni mwa miaka ya 1980 ikazipata 16 na 18 kwenye saratani. Kazi hiyo ilimpa Tuzo ya Nobel mwaka 2008.

Kwa nini nikutajie namba? Kwa sababu hofu kubwa ya anayeota masundosundo ni saratani. Aina ya 6 na ya 11 hazihesabiwi miongoni mwa aina hatari za saratani. Kinyama chako, kwa kiasi kikubwa sana, ni kero tu. Ila mtu mmoja anaweza kuwa na aina kadhaa kwa wakati mmoja, na jambo hilo nitalirudia kwa wanawake huko mbele.

3. Usifungue kesi nyumbani

Kirusi hiki hupita ngozi kwa ngozi wakati wa kujamiiana, na hata kugusana sehemu za siri bila kuingiliana kunatosha. Choo cha umma, bwawa la kuogelea na taulo si chanzo, hivyo usivisingizie. Baada ya kirusi kuingia, vinyama huchukua muda kujitokeza: mara nyingi miezi miwili au mitatu, lakini pia inaweza kuwa wiki chache tu, zaidi ya mwaka, au hata miaka. Na watu wengi wanaobeba kirusi hawaoti chochote maisha yao yote.

Pima basi maana yake katika ndoa. Mume ameota leo. Kirusi kinaweza kuwa kiliingia kabla hawajafahamiana. Mke ameota, huenda amekipata kwa mume ambaye mwilini mwake hana hata alama moja. Hakuna daktari anayeweza kutazama masundosundo akakutajia tarehe wala mtu. Wanaovunja nyumba kwa ushahidi huu wanazivunja bila ushahidi.

Mwambie mwenzako kwa maneno mepesi, mahali penye utulivu, na kabla ya kulala naye tena: "Mama Rehema, nimekutwa na vinyama vya kirusi cha HPV. Daktari amesema vinatibika, na haijulikani nilivipata lini. Ningependa nawe ukaangaliwe." Mwenza akiwa hana dalili, hakuna dawa ya kumpa. Anaangaliwa tu, na anapima magonjwa mengine ya zinaa.

4. Usitafute kipimo cha damu

Hakipo. Masundosundo hutambuliwa kwa macho, kwa mwanga mzuri, na mtu aliyezoea kuyaona. Kipimo cha HPV kinachofanywa kwenye shingo ya kizazi hutafuta zile aina za saratani. Hakikuambii lolote kuhusu kinyama kilichoota nje. Anayekuuzia "kipimo kamili cha HPV" kwa mwanamume ili ajue kama amepona masundosundo anakula pesa yako. Vipimo unavyostahili kufanya siku hiyo ni VVU, kaswende na magonjwa mengine ya zinaa, maana njia ni moja.

5. Kaa mbali na maji ya betri

Hapa naomba unisikilize kwa makini, kwa sababu madhara mabaya kabisa ya ugonjwa huu mtu hujiletea mwenyewe.

Maji ya betri ni asidi ya salfuriki. Yanaunguza kinyama, ni kweli, na yanaunguza kila kilicho chini yake na pembeni yake. Ngozi ya sehemu za siri ni nyembamba mno. Ikiungua vibaya hupona kwa kovu. Kovu kwenye tundu la mkojo hulibana hadi mkojo unatoka kwa shida, na kovu kwenye govi hulifanya lisifunguke. Hayo ni mambo ya upasuaji. Ulikuwa na kinyama kisichouma, sasa una jeraha linalohitaji kitanda cha hospitali.

Orodha ya kuacha ni ndefu: magadi, dawa ya meno, kitunguu saumu kilichopondwa na kufungiwa plasta, siki, kuyafunga kwa uzi au unywele hadi yadondoke, kuyakata kwa wembe. Hata dawa halali ya sugu na chunjua za mikononi na miguuni, ile yenye asidi ya salisiliki, haikutengenezwa kwa ngozi ya huku. Mwenye duka la dawa akikupa hiyo kwa sababu uliona haya kusema tatizo liko wapi, kosa si lake.

Zipo pia zile chupa zinazotangazwa mitandaoni, zisizo na jina la kiwanda wala maelezo ya kilichomo, zinazoahidi kumaliza kila kitu kwa siku tatu "na kutoa kirusi chote kwenye damu". Kirusi hiki hakikai kwenye damu. Kinakaa kwenye ngozi. Anayetangaza hivyo hajui anachouza.

Na antibayotiki? Hazifanyi kazi kwa kirusi. Usimeze doksi wala usichomwe sindano za kubahatisha kwa ajili ya masundosundo.

6. Chagua njia ya tiba pamoja na mtaalamu

Hakuna dawa moja bora kuliko zote. Inategemea vinyama ni vingapi, vikubwa kiasi gani, viko wapi, una uwezo gani, na hospitali iliyo karibu nawe ina kifaa gani. Hizi ndizo utakazosikia zikitajwa.

Kuna za kupaka mwenyewe nyumbani. Podofilotoksini hupakwa asubuhi na jioni kwa siku tatu mfululizo, kisha unapumzika siku nne. Huo ni mzunguko mmoja, na unaweza kurudia hadi mizunguko minne. Unapaka kwenye kinyama chenyewe tu, si kwenye ngozi nzima. Imikwimodi ni krimu ya namna nyingine kabisa: haiunguzi kinyama, inaamsha kinga ya ngozi ili ikishambulie. Ile ya asilimia 5 hupakwa usiku mara tatu kwa wiki, huoshwa kwa sabuni na maji baada ya saa 6 hadi 10, na unaweza kuendelea hadi wiki 16. Ngozi ikiwa nyekundu na kuwasha kidogo, dawa inafanya kazi. Ikichubuka, pumzika siku kadhaa, mwambie daktari, kisha uendelee. Usijamiiane krimu ikiwa bado kwenye ngozi, na ujue kwamba inaweza kudhoofisha mpira wa kondomu.

Kuna zinazopakwa na mhudumu. Podofilini, dawa ya kahawia itokanayo na mmea, bado utaikuta katika baadhi ya kliniki. Hupakwa kidogo, mara nyingi mara moja kwa wiki, na lazima uioshe baada ya saa moja hadi nne kama utakavyoelekezwa. Kulala nayo usiku kucha ukidhani itafanya kazi haraka ni kujiunguza, na ikipakwa sehemu kubwa huingia mwilini na kuleta sumu. Kuna pia asidi iitwayo TCA ya asilimia 80 hadi 90. Nayo ni asidi, ndiyo, lakini mhudumu anaigusisha kwa ncha ya kijiti, anakinga ngozi ya pembeni kwa mafuta mgando, na anaona kinyama kikigeuka cheupe pale pale. Usiombe kwenda nayo nyumbani.

Kisha kuna vifaa. Kugandisha kwa naitrojeni ya kimiminika, yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, huua kinyama kwa sekunde chache. Kinauma kwa muda, hutoka lengelenge, na ngozi hupona kwa wiki moja au mbili. Mara nyingi unarudi kila baada ya wiki moja au mbili. Kuchoma kwa umeme au kukata hufanywa kwa sindano ya ganzi, na faida yake ni kwamba unatoka siku hiyo hiyo bila vinyama. Kwa mtu mwenye vingi au vikubwa, huko ndiko anakopata nafuu ya haraka, ingawa kidonda kinahitaji wiki mbili hadi nne kufunga.

Zahanati ya kijijini inaweza isiwe na haya yote. Usivunjike moyo. Omba rufaa kwenda hospitali ya wilaya au ya mkoa, au uulize mtaalamu wa ngozi aliye karibu. Kaskazini mwa Tanzania, pale hospitali ya KCMC mjini Moshi, kipo Kituo cha Kikanda cha Mafunzo ya Magonjwa ya Ngozi kilichofunguliwa mwaka 1992, ambacho kimefundisha wataalamu wa ngozi kutoka nchi nyingi za Afrika. Waliopitia pale huwahudumia watu hata mbali na miji mikubwa.

7. Hesabu kwa miezi

"Nitapona lini?" ndilo swali la kwanza, na linastahili jibu la kweli.

Vinyama vyenyewe, kwa mtu mwenye kinga nzuri anayefuata tiba, mara nyingi huisha ndani ya miezi mitatu. Wengine huona mabadiliko wiki ya pili au ya tatu. Wengine, hasa wa imikwimodi, hukaa wiki nane wakidhani dawa ni bandia, kisha vikaanza kunywea. Kozi nzima ikimalizika na hakuna kilichopungua, mwambie mhudumu mbadilishe njia. Kung'ang'ania dawa ileile kwa mwaka hakuna faida.

Ukiamua kutotibu kabisa, mambo matatu yanaweza kutokea: vikaisha vyenyewe, vikabaki vilevile, au vikaongezeka. Kwa baadhi ya watu huisha ndani ya mwaka bila dawa yoyote. Kwa hiyo mtu mwenye vinyama viwili vidogo visivyomsumbua anaweza kukubaliana na daktari wake kusubiri na kuangalia. Huo ni uamuzi halali, ilimradi ajue bado anaweza kumwambukiza mwenza.

Kirusi ni hesabu nyingine. Hakuna dawa inayokiondoa. Dawa zote nilizotaja huondoa kinyama. Kazi ya kukidhibiti kirusi ni ya kinga ya mwili, na inaifanya vizuri: takriban maambukizi 9 kati ya 10 ya HPV hudhibitiwa kiasi cha kutoonekana tena kwenye vipimo ndani ya miaka miwili. Hakuna siku utakayopigiwa simu kuambiwa kimetoka. Utajua kwa kuwa miezi imepita na hakuna kipya kilichoota.

8. Yakirudi, rudi kliniki

Kurudi kwa masundosundo ni kawaida, hasa katika miezi mitatu ya mwanzo baada ya tiba. Hakumaanishi kwamba ulitibiwa vibaya, wala kwamba mwenza wako amekuletea tena. Kirusi kilichobaki kwenye ngozi inayoonekana safi kimeotesha kinyama kingine. Unatibiwa tena, na kwa wengi awamu ya pili ni fupi kwa sababu umeviwahi vikiwa vidogo. Jikague mara moja kwa wiki kwa kioo na mwanga mzuri kwa hiyo miezi mitatu.

9. Mjamzito asiguse dawa bila kuuliza

Ujauzito hubadilisha mambo. Kinga hulegea kidogo, damu hutiririka zaidi sehemu za siri, na masundosundo yaliyokuwa madogo yanaweza kukua haraka, yakatoka damu kirahisi. Mama wengi huogopa sana hapa. Waambie kliniki, usifiche.

Podofilini na podofilotoksini hazitumiki kwa mjamzito, kwa kuwa zinaweza kumdhuru mtoto tumboni. Imikwimodi nayo huepukwa. Kinachotumika ni kugandisha, TCA, au kukata. Wakati mwingine daktari atashauri kungoja, kwa sababu baada ya kujifungua vinyama vingi hunywea vyenyewe.

Je, ni lazima ujifungue kwa upasuaji? Hapana. Masundosundo peke yake si sababu. Upasuaji hufanywa pale tu yanapoziba njia ya uzazi au yanapoelekea kuleta damu nyingi. Mtoto anaweza, kwa nadra sana, kuja kuota vinyama kwenye koo kutokana na aina ya 6 na ya 11. Mtoto anayekuwa na sauti ya kukwaruza isiyoisha apelekwe kwa daktari wa masikio, pua na koo, na daktari huyo atajiwe historia hiyo.

10. Unaishi na VVU? Dawa zako za kila siku ni sehemu ya tiba hii

Kinga ikiwa chini, masundosundo huwa mengi zaidi, makubwa zaidi, hukawia kuisha na hurudi mara kwa mara. Tiba ni zilezile, ila zinahitaji muda na uangalizi zaidi. Usiache ARV hata siku moja. Na kwa asiyejua hali yake: masundosundo makubwa yasiyotaka kuisha ni sababu tosha ya kupima VVU leo.

11. Kondomu, wembe, sigara

Kondomu hupunguza uwezekano wa kuambukiza lakini haimalizi, kwa sababu ngozi ambayo haikufunikwa nayo hubeba kirusi. Itumie hata hivyo. Inakukinga na mengine mengi. Wakati vinyama bado vipo au vidonda vya tiba havijafunga, bora msubiri.

Acha kunyoa juu ya vinyama. Wembe hukwangua kirusi kutoka sehemu moja na kukipandikiza kwenye mchubuko wa pembeni. Punguza nywele kwa mkasi. Na wavuta sigara, jueni kwamba tiba huelekea kuwa ngumu zaidi kwenu.

12. Mwanamke, kapime shingo ya kizazi

Masundosundo hayageuki kuwa saratani ya shingo ya kizazi. Lakini aliyepata aina ya 6 anaweza kuwa amepata pia aina ya 16, ambayo haioti chochote, haiwashi, haiumi, na hufanya kazi yake kimyakimya kwa miaka mingi. Shirika la Afya Duniani linashauri uchunguzi kuanzia miaka 30, na kuanzia 25 kwa anayeishi na VVU. Vituo vingi Tanzania na Kenya hupaka siki maalumu ya kitabibu kwenye shingo ya kizazi na kutazama kama rangi inabadilika. Ni dakika chache, jibu unapewa hapohapo, na mabadiliko ya mwanzo mara nyingi hutibiwa kabla hayajawa saratani. Siku ya kwenda kuonwa kwa masundosundo, uliza na hilo.

13. Chanjo: mpeleke binti yako, na uliza ni ya aina gani

Chanjo haitibu masundosundo yaliyokwisha kuota. Inamkinga ambaye bado hajakutana na kirusi, na ndiyo maana hupewa wasichana wadogo. Rwanda ilitangulia Afrika mwaka 2011 kwa kuitoa nchi nzima. Uganda ikafuata mwaka 2015, Tanzania mwaka 2018, Kenya Oktoba 2019. Tanzania ilianza na wasichana wa miaka 14, kisha mwaka 2024 ikapanua hadi wote wa miaka 9 hadi 14, kwa dozi moja badala ya mbili.

Kwa masundosundo lipo jambo ambalo wazazi hawaambiwi. Chanjo hizi si moja. Ipo inayokinga aina ya 16 na 18 tu. Hiyo ni ngao nzuri dhidi ya saratani lakini haizuii masundosundo. Ipo inayokinga 6, 11, 16 na 18, na ipo ya aina tisa. Hizo mbili huzuia yote mawili. Chanjo yoyote anayopewa binti shuleni, apokee bila kusita, kwani saratani ndiyo inayoua. Ila kijana au mtu mzima anayelipia mwenyewe hospitali binafsi aulize jina na namba kabla ya kutoa pesa.

Kama una shaka kama inafanya kazi, tazama Australia. Walianza mwaka 2007 na chanjo ya aina nne. Katika kliniki zao za magonjwa ya zinaa, wanawake wa chini ya miaka 21 waliokutwa na masundosundo walikuwa asilimia 11.5 mwaka huo. Mwaka 2011 walikuwa asilimia 0.85. Hata wavulana, ambao wakati huo hawakuwa wakichanjwa, walipungukiwa na ugonjwa kwa sababu wasichana hawakuwa nao tena wa kuwapa. Tunazo chanjo za HPV hapa kwetu, bure kwa mabinti, na bado kuna wazazi wanaowaficha watoto siku ya chanjo kwa uvumi kwamba zinaleta ugumba. Uvumi huo ni uongo, na unagharimu maisha.

14. Kwa mtoto mdogo, nenda hospitali mara moja

Masundosundo kwa mtoto yanaweza kutokana na kuzaliwa, au mkono wenye chunjua uliomwogesha. Yanaweza pia kuwa alama ya kuumizwa na mtu mzima. Usimhoji kwa ukali, usimtuhumu mtu kabla ya uchunguzi, wala usilifunike kwa ajili ya heshima ya ukoo. Mpeleke aonwe. Ikibidi, nchini Tanzania vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto kwa ajili hiyo.

15. Jiandalie sentensi moja ya kusema

Kinachowazuia wengi si pesa wala umbali. Ni kushindwa kulitamka jambo mbele ya dirisha la mapokezi, nyuma kuna foleni ya majirani. Huna haja ya kulitamka hapo. Sema: "Shikamoo, naomba kumwona daktari, nina tatizo la ngozi ambalo ningependa kulieleza faragha." Ukishaingia ndani na mlango umefungwa: "Nina vinyama sehemu za siri, vina muda fulani, sijapaka kitu." Kama umepaka, taja ulichopaka, hata kama ni maji ya betri, anahitaji kujua ili asiongeze jeraha. Unaweza kuomba uonwe na mtu wa jinsia yako. Mhudumu analazimika kutunza siri yako, na ugonjwa huu yeye ameshauona kwa walimu, mashehe, wachungaji, wanafunzi na mama wa nyumbani. Akitokea wa kukusema vibaya, omba mwingine au nenda kituo kingine, lakini usirudi nyumbani bila kuonwa. Nenda wiki hii, vikiwa bado viwili.